Uvimbe kwenye ubongo wa mama: kile picha ilichosema, na kile ambacho bado

Swali: Daktari, shikamoo. Mama yetu ana miaka 56, ni mama lishe hapa Korogwe. Wiki mbili zilizopita alianguka sokoni, akatetemeka mwili mzima na kujing'ata ulimi. Tulidhani ni sukari. Hospitali ya mkoa wakampiga picha ya CT, wakatuambia ana uvimbe wa sentimita 5 mbele ya ubongo upande wa kulia, "unafanana na meninjioma", wakatupa rufaa ya MOI, ile taasisi ya mifupa na ubongo ya Muhimbili. Wamempa deksamethasoni na karbamazepini. Sasa nyumbani hakuna anayelala. Kaka mkubwa anasema mama asiambiwe. Shangazi anataka kwanza apelekwe kwa mganga, maana tangu mwaka juzi mama amebadilika kabisa: hajali chochote, wali unaungua naye amekaa pembeni ya jiko, hadai madeni, wateja wamekimbia. Tumegombana naye sana. Tulijua amechezewa. Je, hii ni saratani? Akifunguliwa kichwa atarudi? Na je, tumwambie?

Jibu: Marahaba dada, na poleni sana nyote.

Naanza na wali unaoungua, kwa sababu hapo ndipo nilipomwona mama yako vizuri kuliko kwenye maelezo ya CT. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma tu ya paji la uso, ndiyo inayomwanzishia mtu mambo. Ndiyo inayomwambia inuka, punguza moto, mkumbushe yule hela yako. Ikibanwa polepole na uvimbe, mtu habanwi kumbukumbu wala maneno. Anaona moshi, anajua wali unaungua, lakini lile "inuka" halitoki. Kwa anayemtazama, huyo ni mvivu, amesusa, au amerogwa. Wengine hugeuka upande wa pili: huropoka mbele ya wakwe, hukasirika ovyo, hutumia fedha bila hesabu.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa mulijaribu leo. Chini kabisa ya sehemu hiyo, juu ya paa la pua, imelala mishipa miwili ya fahamu inayopeleka harufu kwenye ubongo. Uvimbe ukikaa karibu nayo huibana, na mgonjwa hupoteza kunusa bila yeye mwenyewe kugundua. Mfumbe mama macho, ziba tundu moja la pua, mnusishe kahawa, kisha karafuu, halafu rudia tundu la pili. Akishindwa kuzitambua, mwambieni daktari wa MOI. Na hapo mtajua pia kwamba siku zile wali ulipoungua, huenda hakuisikia harufu kabisa.

Kwa hiyo ugomvi wenu wa miaka hii miwili, naomba muutazame upya. Mama hakuwapuuza. Na ninyi mlimhukumu kwa mlichokiona kwa macho, kama ambavyo wengi wangefanya. Hata kwetu hospitalini wagonjwa wa namna hii hutupita: wengine hutibiwa sonona, wengine huambiwa ni kukoma hedhi au utu uzima, mpaka siku wanapoanguka. Maumivu ya kichwa, ambayo kila mtu anayategemea, huweza kuchelewa sana, kwa kuwa uvimbe unaokua taratibu huupa ubongo muda wa kujisogeza.

Sasa swali lako la kwanza. Ubongo umefunikwa na utando wa tabaka tatu, na meninjioma huota kwenye utando huo, si kwenye ubongo wenyewe. Unausukuma ubongo kutoka nje. Ndio uvimbe unaoongoza kwa watu wazima kati ya ule unaoanzia ndani ya fuvu, na huwapata wanawake zaidi ya wanaume. Shirika la Afya Duniani, katika mpangilio wake wa mwaka 2021, linaupa daraja la 1 hadi la 3. Takriban 8 kati ya 10 huwa daraja la 1: hukua polepole mno na hausambai mwilini. Huo si saratani kwa maana mnayoiogopa. Daraja la 2 hurudi kwa urahisi zaidi baada ya kutolewa. La 3, ambalo ni nadra, ndilo lenye tabia za saratani. Wa mama, kwa sentimita zake 5, ni karibu chungwa dogo, na kama kweli ni meninjioma basi kuna uwezekano umekuwamo kwa miaka mingi kabla ya siku ile ya sokoni.

Nimesema "kama" kwa makusudi. Karatasi yenu imesema "unafanana na", na maneno hayo yana uzito. Picha ya CT inaonyesha umbo na mahali. Jina kamili la uvimbe hutolewa na maabara ya patholojia baada ya kuchukuliwa kinyama. Katika nchi yetu yapo mengine yanayoweza kufanana nao kwenye picha. Kifua kikuu huweza kutengeneza bonge kwenye ubongo. Mtu akimeza mayai ya minyoo tegu ya nguruwe, viluwiluwi vyake huweza kuishia humo na kuleta kifafa, jambo linalojulikana vizuri Mbulu na Nyanda za Juu Kusini. Kwa mwenye kinga iliyoshuka sana kutokana na VVU kuna maambukizi ya toksoplazima, ambayo hutibiwa kwa vidonge bila kisu. Na saratani ya matiti huweza kusafiri mpaka kwenye utando wa ubongo ikaonekana kama meninjioma. Kwa hiyo mama akipimwa VVU, akipigwa picha ya kifua, akikaguliwa matiti, msione anadhalilishwa. Daktari anayefanya hivyo anaifanya kazi yake vizuri. Picha ya MRI, wakimpiga, nayo itaonyesha kama uvimbe umeota kwenye utando au ndani ya ubongo wenyewe.

Ikitokea ni ndani, mazungumzo yatabadilika. Kuna uvimbe wa jamii ya glioma, na ulio mkali kuliko wote, glioblastoma, ni daraja la 4. Tangu mwaka 2005 hutibiwa kwa upasuaji, kisha mionzi kwa wiki 6 pamoja na vidonge vya temozolomaidi. Matibabu hayo huongeza muda, kwa kawaida hayaponyi. Nakutajia kwa sababu mtaukuta kwenye simu zenu usiku wa leo, na kila mmoja atadhani ndio wa mama. Mlichoniandikia, mabadiliko ya taratibu ya miaka miwili na uvimbe wenye sura ya meninjioma, kinaelekea upande mwingine.

Akifunguliwa kichwa atarudi? Usemi huo wa kwamba kichwa kikifunguliwa mtu harudi nausikia kila wiki, na nadhani najua ulikotoka. Wengi tunaowasikia ni wa ajali za pikipiki, waliofika na ubongo umeshapondeka. Wengine ni wenye uvimbe waliozungushwa mwaka mzima wakaletwa wamepoteza fahamu. Mama yako anatembea, anakula, anawatambua wanawe. Hayuko kwenye kundi hilo, na namtakia asifike huko.

Uvimbe mdogo usio na dalili huweza kuachwa ukafuatiliwa kwa picha. Huu umeshaleta kifafa na kubadili tabia, kwa hiyo natarajia watashauri utolewe. Siku hiyo atapewa nusukaputi, atanyolewa sehemu ya nywele au zote. Ngozi hukatwa nyuma ya mstari wa nywele, kipande cha mfupa huondolewa kama mfuniko, utando hufunguliwa, na uvimbe humegwa kidogo kidogo mpaka ulegee utoke. Mfupa hurudishwa mahali pake. Kazi hii huchukua saa kadhaa. Ninyi mlioko nje kwenye benchi mtaona jua linazama hakuna aliyetoka kuwaambia kitu. Kuchelewa peke yake si habari mbaya, kwani mpasuaji asiye na haraka ndiye mnayemtaka.

Usiku wa kwanza hulala ICU, chumba cha wagonjwa mahututi. Siku ya 2 na ya 3 uso huvimba, na jicho la upande uliopasuliwa linaweza kufumba kabisa. Ndugu hulia wakiona hivyo. Huisha lenyewe baada ya siku chache.

Hatari zipo na sitakuficha: kuvuja damu, maambukizi, udhaifu wa mkono au mguu wa kushoto, kifafa kuendelea, damu kuganda miguuni, na kifo. Ukubwa wa kila moja kwa mama unategemea presha yake, sukari yake, moyo wake, na jinsi uvimbe ulivyoshikana na mishipa ya damu. Hilo hakuna anayeweza kukuambia kwa barua. Muulizeni mpasuaji uso kwa uso: umekaa wapi hasa, umegusa mshipa gani mkubwa, unatarajia kuutoa wote, na kitu gani mama anaweza kubaki nacho. Akisema anaweza kuacha kipande kidogo kilichong'ang'ania mshipa, huyo ni mtu mwenye busara. Kipande hicho hufuatiliwa kwa picha, au hupigwa mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani, ikiwa maabara itasema ni daraja la juu. Hata ukitoka wote atahitaji kurudi kwa picha kwa miaka, maana baadhi huota tena.

Na tabia yake? Wengi huchangamka baada ya ubongo kuachiwa nafasi, baadhi ndani ya wiki, wengine miezi. Si wote wanaorudi kuwa kama zamani. Harufu ikishapotea kabisa mara nyingi hairudi.

Tuje kwenye dawa, kwa sababu hapa ndipo familia nyingi huteleza. Deksamethasoni hupunguza maji yaliyokusanyika kuzunguka uvimbe. Haiyeyushi uvimbe. Ndani ya siku moja au mbili mgonjwa anaweza kuamka mtu mwingine: anaongea, anacheka, anauliza habari za duka. Nimeona familia zikiahirisha safari ya hospitali kwa furaha hiyo, zikaja miezi mitatu baadaye kwenye gari la wagonjwa. Mama akichangamka wiki hii, furahini, na tiketi ya basi mkate vilevile. Anywe baada ya chakula, dozi ya mwisho isiwe usiku maana itamkosesha usingizi, na apimwe sukari, kwa kuwa dawa hii huipandisha. Isikatishwe ghafla hata siku moja. Mwili huizoea, na kuikata kwa mkupuo kunaweza kumwangusha. Vidonge vikibaki vya siku tatu, mtu awe ameshaenda kutafuta vingine. Karbamazepini, ile ya kuzuia kifafa, nayo hainywewi kwa kukumbuka. Akitoka vipele mwilini mrudisheni hospitali mara moja. Kama Ramadhani itamkuta kwenye dawa hizi, ana ruhusa ya mgonjwa, aitumie.

Akishikwa tena na kifafa, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vya karibu, angalieni saa. Msimpe kijiko mdomoni, msimkandamize, msimmwagie maji. Kikipita dakika 5, au kikirudi kabla hajazinduka, ni hospitali. Vilevile akianza kutapika mfululizo kichwa kikimuuma sana, akilala kupita kawaida na haamki vizuri, au upande mmoja ukilegea, msisubiri siku ya miadi. Vinginevyo, safari yenu si ya usiku huu, lakini pia si ya kusubiri mavuno. Nendeni wiki hii.

Kuhusu shangazi: anampenda wifi yake, na anatafuta jibu la jambo ambalo kwa miaka miwili hakuna aliyelijibu. Msimfokee. Mkalisheni, mwonyesheni picha ya CT, mwekeeni kidole pale kwenye uvimbe, halafu mwambieni habari ya "inuka" isiyotoka. Dua, kisomo, hata kombe, havina ugomvi na upasuaji, na mgonjwa anayeombewa hupata utulivu ninaouona wodini kwa macho yangu. Ninachokataa ni vitu vitatu: kuchanjwa chale kichwani, kufukizwa moshi kwa mtu mwenye kifafa, na dawa za mitishamba za kunywa juu ya hizi za hospitali, maana zikigongana ini na damu vitaumia kabla ya kisu. Na nakataa kuchelewa. Shangazi huyohuyo mpeni kazi ya kumlea mama wodini. Mtu aliyetaka kupigana na ugonjwa hatapenda kuachwa nje.

Kaka yako naye namwelewa. Anaona akinyamaza, mama atabaki na amani. Lakini mama alizinduka yuko chini sokoni, watu wamemzunguka, ulimi unavuja damu. Amepigwa picha, amepewa vidonge, watoto wanaongea kwa minong'ono jikoni. Tayari anajua kuna kitu. Mnachomnyima ni jina la kitu hicho na mtu wa kuongea naye. Isitoshe, jambo hili halifichiki: atanyolewa, atapelekwa chumba cha upasuaji, na kabla ya hapo ataletewa fomu ya ridhaa aweke saini au dole gumba. Maadamu anaelewa anachoambiwa, fomu hiyo ni yake. Daktari atamweleza mbele yenu, na mtaumia wote akiisikia kwanza kwa mgeni.

Mwambieni asubuhi, akiwa ameshakula na kunywa dawa, ndipo akili yake inakuwa nyepesi. Redio izimwe. Aongee mmoja, yule anayemsikiliza zaidi, na asiwe na haraka. Maneno yawe machache: "Mama, ile siku ya sokoni ilikuwa kifafa. Kimeletwa na uvimbe hapa mbele ya kichwa. Hospitali wanaona unaweza kutolewa. Tunakwenda Dar pamoja." Halafu nyamazeni. Sehemu iliyobanwa ndiyo ya kuanzisha, kwa hiyo anaweza kukaa kimya muda mrefu, au akasema "haya" tu kama vile mmemwambia habari ya bei ya mchele. Msidhani haelewi, na msidhani hajali. Mrudieni kesho yake, muulizeni ameelewa nini, anaogopa nini, angetaka nani awe naye. Katika mazungumzo hayohayo mwambieni na ile habari ya wali. Mwambieni mmeshajua haikuwa tabia yake. Wapo wagonjwa walionieleza baada ya kupona kwamba neno hilo ndilo walilolisubiri kuliko yote, kwa sababu na wao walikuwa hawajielewi.

Fedha na safari. MOI iko ndani ya eneo la Muhimbili, Upanga. Bebeni barua ya rufaa, CD ya picha pamoja na karatasi yake ya maelezo, na dawa zote kwenye maboksi yake. Wenye bima waende na kadi. Kama hana bima, kachukueni barua ya serikali ya kijiji au mtaa kabla hamjaondoka, na mkifika ulizieni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mapema, siku ya kwanza, siyo siku bili inapotoka. Ndugu wawili watatu wenye afya wawe tayari kuchangia damu. Na tafadhali msiuze shamba kwa ajili ya India kabla ya kusikia mabingwa wa hapa wanasema nini. Meninjioma hupasuliwa Dar es Salaam, na ndiyo kazi yao.

Mtaniuliza imetoka wapi. Kwa wagonjwa wengi sababu haijulikani. Haiambukizi, na ni familia chache sana zenye kasoro ya kurithi inayouleta. Simu ya mkononi haijathibitishwa kuwa chanzo. Kuna moja la kumuuliza mama: utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha uhusiano kati ya meninjioma na kutumia kwa mwaka mmoja au zaidi ile sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Kwa mwanamke mmoja mmoja hatari hiyo bado ni ndogo sana, na sitaki binti yeyote anayesoma hapa aiache leo na kupata mimba asiyoitarajia. Aongee na mhudumu wake kuhusu njia nyingine kama ana wasiwasi. Lakini kama mama aliwahi kuitumia kwa miaka, daktari wake anapaswa kujua.

Mpaka siku ya safari, mama asikae na jiko peke yake, asiteke maji kisimani, asipande bodaboda. Mtu aliyeshikwa na kifafa akiangukia moto huungua kabla hajazinduka. Akirudi kutoka Dar atataka kupika, na mwacheni apike, ila mmoja wenu awe karibu. Kama mnatumia mtungi wa gesi, mfunge kwenye kichwa cha mtungi kila mnapomaliza, na fungueni dirisha kabla ya kuwasha kiberiti. Ikivuja, ninyi mtaisikia harufu. Yeye huenda asiisikie.